Mshale Ambao Haukushuka

Vijana wangu, kila mnapokuja kunitembelea hapa Mkuyuni mnanipisha kiti kizuri ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mnaniamkia vizuri, kisha mnaniuliza swali lilelile: Mama Kulwa, uliwezaje kufanya kazi ya ndege miaka yote hiyo bila kuogopa? Huwa nacheka, nawaongezea chai, tunahamia kwenye habari nyingine. Leo sihami. Niliogopa. Niliogopa siku ya kwanza nilipoingia kwenye hanga, niliogopa siku niliyovua ovaroli kwa mara ya mwisho, na hata sasa ndege ndogo ikipita juu ya bati langu kuelekea visiwani naacha ninachofanya, nausikiliza mlio wake mpaka uishe. Wajukuu wameshazoea. Wanaambiana bibi yuko kazini.

Kazi yangu ilikuwa umeme wa ndege ndogo za injini moja, zile zinazobeba watu watano au sita kwenda visiwani, migodini na mbugani. Betri, altaneta, taa, redio, nyaya zote, na zaidi ya hayo cheche inayowasha injini. Fundi wa bodi akikosea bati, bati litapinda na kila mtu ataliona. Umeme ukikosewa hauonekani. Hicho ndicho kilichonitisha tangu mwanzo, na sijaona sababu ya kuacha kutishika.

Mmesoma haya darasani, najua, lakini ngoja niyaseme kwa lugha ya jikoni. Injini ya ndege ndogo haihitaji betri ili iendelee kuwaka. Ina vitu viwili vinavyoitwa magneto, moja kushoto, moja kulia, na kila silinda ina plagi mbili, moja inalishwa na hii, nyingine inalishwa na ile. Magneto ikizungushwa inatengeneza moto wake yenyewe. Betri ife, altaneta ife, redio inyamaze, injini itaendelea kuunguruma nawe utavuka ziwa. Hata magneto moja ikifa, nyingine itakufikisha. Kwa hilo tulizipenda.

Ila zina tabia ambayo ilinichukua muda kuizoea. Nyumbani kwako waya wa taa ukikatika, taa inazimika. Kwenye magneto ni kinyume. Ili kuizima, swichi inaunganisha waya mmoja, tunauita waya wa ethi, na mwili wa ndege, na moto wote unapotelea huko. Waya huo ukikatika hakuna tena cha kuizima. Umechomoa ufunguo, umeutia mfukoni, umeenda kunywa chai, na magneto iko macho. Halafu ndani yake kuna springi inayobana na kuachia kwa mlio mdogo, ta, hata ukizungusha pangaboi, yale mapanga ya mbele ya ndege, polepole kwa mkono, na hapohapo cheche inaruka. Kukiwa na mvuke kidogo wa petroli umebaki kwenye silinda, injini inapiga teke. Mkono ulioshika panga wakati huo hauna pa kukimbilia.

Aliyenifundisha ni Mzee Malimi, Msukuma mwenzangu wa kutoka Magu, aliyekuwa akiishi Mabatini. Mfupi, masikio makubwa, mdomo usio na breki. Siku tulipopokelewa kazini tulikuwa watatu, mimi na vijana wawili wa kiume. Mzee akaweka magneto mezani, akamwambia kila mmoja ashike waya wake kwa mkono huu na kuizungusha kwa mkono ule. Hakutueleza chochote. Kijana wa kwanza alirushwa mkono, akajikaza, akasema hajasikia kitu. Wa pili akasema ni mdudu tu kauma. Mimi niliruka mpaka nikaangusha kiti, na maneno yaliyonitoka siwezi kuyarudia mbele yenu. Mzee akaniuliza, "Umeogopa?"

"Nimeogopa, baba, na sirudii."

Akamgeukia msimamizi. "Huyu abaki na mimi. Hawa wawili wapeleke kwenye matairi."

Nilidhani ananitania. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amechoka kuogopa peke yake.

Alikuwa na mambo yake, na mengine ninawapa bure. Plagi ikianguka chini, hata kama ni kutoka urefu wa goti, ni ya kutupa. Usiiokote ukaipuliza vumbi ukairudisha, maana ufa wa ndani huuoni mpaka uko angani na injini inakohoa. Vichwa vya nyaya vikiota ukijani kwa unyevu wa ziwa, visugue kwa kifutio cha penseli, usishike msasa. Utepe wa umeme aliuchukia kabisa. Akikuta mtu ameuviringisha kwenye waya aliubandua taratibu, akambandika mwenyewe kwenye paji la uso, na akamtaka ashinde nao. Wapo watu wazima na heshima zao waliokwenda kula mchana wakiwa na utepe mweusi usoni. Na waya alitufundisha kuushika kwa vidole na kuukunja kidogo kidogo toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu unaweza kukatika ndani huku mpira wake wa nje ukiwa mzima na unang'aa. Nilizoea hivyo mpaka nyumbani nikawa nakunja waya wa pasi, na marehemu mume wangu akawa ananiuliza kama pasi nayo inaruka.

Woga wangu ulipata sura yake kamili kwa sababu ya taa moja ndogo. Ndege yetu mojawapo ilikuwa na taa nyekundu ya kuonya kwamba altaneta haichaji. Taa ile haikuwaka kwa muda mrefu sana, tukawa tunaisifia ile ndege, marubani wanaigombania. Siku moja ikiwa katikati ya ziwa redio ikanyamaza, kisha mishale yote ya umeme ikalala. Rubani alitua salama, maana magneto hazikuijali betri. Tulipofungua tukakuta altaneta ilishaacha kuchaji, betri imekwisha, na taa ya onyo haikuwaka kwa sababu balbu yake iliungua siku nyingi. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikwenda nyuma ya hanga nikakaa peke yangu. Tangu hapo nikaanza kuogopa habari njema. Mtu akiniambia kifaa fulani kinasumbua, namshukuru, najua pa kuanzia. Akiniambia kila kitu kiko safi, naenda kufungua kifuniko.

Najua ndege mnazofundishwa sasa, nyingine zina cheche za kielektroniki na kioo mbele ya rubani kinachoandika kila kitu kwa rangi. Sizibezi. Zinawaka vizuri, zinakula petroli kidogo, na hazimchafui mtu mikono. Ila nyingi zinataka umeme kutoka nje yao, kwa hiyo woga umehama tu. Sisi tuliogopa moto usiozimika, ninyi mtaogopa moto unaozimika wenyewe. Mkiwa na betri ya akiba ipimeni kwa mzigo, msiitazame tu kwa macho. Na kioo kikiwaandikia kijani kila mahali, ulizeni nani alikipima hicho kioo na lini.

Kuna kipimo kimoja cha zamani ambacho bado mtakikuta, na ndicho kinachonileta kwenye habari yangu. Kabla ya kuruka, rubani anashika breki, anaiongeza injini, kisha anazima magneto moja na kuiacha nyingine. Injini sasa inawaka kwa nusu ya plagi zake, mizunguko inapungua kidogo, mshale unashuka. Anairudisha, anazima ya pili, mshale unashuka tena. Ukishuka sana, ile iliyobaki ina ugonjwa. Ukishuka kidogo, nenda zako. Na usiposhuka kabisa? Hapo watu huchanganyikiwa, kwa sababu machoni unaonekana ni uzima mtupu. Mshale umetulia, injini haijatetereka, nani asiyependa? Lakini maana yake ni kwamba ile uliyodhani umeizima haijazimika. Waya wake wa ethi umekatika.

Hanga letu lilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Mtu akiwa kwenye pangaboi haitwi kwa sauti, haguswi bega, hafuatwi kwa nyuma, kwa sababu aliyeshtuka huvuta alichoshika. Unazunguka mbele, mbali kidogo, mahali anapokuona, unamwamkia, unasubiri. Naye anaachia, anarudi nyuma mpaka nje ya njia ya panga, ndipo anaitikia. Mzee Malimi ndiye aliyeianzisha na aliishika kama ibada. Niliwahi kumwona mkuu wetu wa kituo amesimama juani, faili kichwani, akisubiri Mzee aachie panga aje kuitikia salamu. Wageni walidhani ni maringo ya uzee.

Jambo jingine, alipiga marufuku magoti. Sisi wanawake wa Kisukuma tunamwamkia mzee tukiwa tumepiga magoti, lakini yeye, aliyeniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, aliniambia siku zile za mwanzo kabisa, "Hapa ni kazini, mayu. Sakafu ina oili na ovaroli ni ya kampuni." Kwa hiyo miaka yote nilimwamkia nimesimama, na nilikuja kupenda hivyo.

Sasa, wadudu wa ziwani mnawajua. Kuna majira wanapanda kutoka majini kwa wingi mpaka ukiwa Kapripointi unaona moshi umesimama juu ya maji. Ndege ikipita katikati yao jioni inafika imepakwa, kioo, mabawa, na zaidi mapanga. Wakikauka kwenye panga wanashika kama gundi, uzito wa mapanga unapishana, injini inatetemeka, na mtetemeko ndio unaokata nyaya. Kwa hiyo asubuhi, umande ukiwa bado umewalainisha, tuliwafuta kwa kitambaa na maji ya sabuni. Unafuta panga lililo chini, unageuza, la pili linakuja chini, unalifuta, unageuza tena, unafuta la tatu. Kwenye vitabu vyenu mtasoma kwamba pangaboi haligeuzwi kwa mkono bila sababu. Sisi sababu yetu ilitoka ziwani karibu kila asubuhi ya majira yale.

Asubuhi ninayoisema ilikuwa ya namna hiyo. Ndege ilikuwa imerudi jioni iliyopita kutoka Ukerewe, ikiendeshwa na Kapteni Novatus, kijana wa Bukoba, rubani mzuri, nadhifu, mpenda watu. Wauguzi waliokuwa wakienda kisiwani na masanduku ya chanjo walikwishafika, wamekaa kwenye benchi. Mzee Malimi alichukua ndoo na kitambaa akatoka. Mimi nilikuwa kwenye chumba chetu cha chai, mlango uko wazi, nakula kiazi. Kapteni akaingia.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba, baba. Haikukusumbua jana?"

"Kunisumbua? Mama, ile injini mmeifanyia nini? Jana naondoka kisiwani, kwenye kupima, nikazima magneto ya kulia, mshale haujashuka hata chembe. Umekaa palepale. Nikasema leo soda za mafundi ni juu yangu."

Kiazi kilikuwa mdomoni, sikuweza kukimeza wala kukitema. Nilimwangalia anavyotabasamu huku anajimiminia chai. Kisha nikaangalia mlangoni, nikamwona Mzee ameinama mbele ya pangaboi, kiganja chake kimelala juu ya panga.

Nikatoka. Kapteni aliniuliza kitu, sikumsikia. Mwili wote ulinituma nikimbie na kumwita jina, na mdomo ulishafunguka. Kisha nikaona vile atakavyofanya. Atashtuka, atageuza shingo kunitafuta, na mkono wake utavuta panga, kwa sababu mikono ya watu wote ndivyo ilivyo. Nikaufunga mdomo. Kutoka mlangoni mpaka mbele ya ile ndege si mbali, mnapajua, lakini nilitembea nimekaza macho kwenye kile kiganja na sikuthubutu kupepesa. Alikuwa anakwangua kwa kucha mdudu mmoja aliyegoma. Nikawa namwambia moyoni, kwangua baba, kuna mwingine pembeni hapo, na yule pale, usimwache. Miaka yote nilikuwa nimewalaani wale wadudu, na asubuhi ile niliwaombea wawe wengi.

Wakaisha. Akakichovya kitambaa kwenye ndoo, akakikamua, akakitundika begani, akaupeleka mkono juu kulishika panga lililofuata ili alilete chini.

Hapo nilikuwa nimeshafika mbele, mahali anapotakiwa kusimama mtu. Lakini nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi hiyohiyo tulipokutana getini. Nikimwamkia tena nimesimama atadhani namtania, na Mzee akitaniwa hujibu papo hapo huku mikono inaendelea na kazi. Nikapiga magoti. Palepale kwenye lami, na ovaroli yangu, mbele ya wauguzi na Kapteni aliyekuwa amenifuata na kikombe, nikainamisha kichwa nikamwamkia kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida, "Mwangaluka, baba."

Sikuinua macho. Sikuweza. Nilikuwa nasikiliza ule mlio mdogo, ta, na nilijua nikiusikia nitakuwa nimechelewa kwa kila kitu. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye kitambaa. Nilisikia mmoja wa wauguzi akikohoa. Halafu nikasikia viatu vya Mzee, vile vizito vya ncha ya chuma, vikirudi nyuma, vikirudi nyuma, vikazunguka, vikasimama mbele yangu.

"Mwangaluka, mayu," akaitikia, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. Kisha akainama. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, baba. Tusogee huku."

Nilimweleza tukiwa tumesogea. Maneno yalitoka hovyo, nikaanzia katikati, lakini yeye alihitaji machache tu: ya kulia, mshale haukushuka. Kapteni Novatus alikuwa amesimama nasi. Nilimwona rangi ikimtoka. "Hilo nimelisoma, Mama," akasema. "Nililifanyia mtihani nikalipata. Jana nilifurahi tu." Hakuna aliyemkemea, na mimi sikumkemea hata baadaye. Kufurahi kunampata kila mtu.

Mzee akatoa ufunguo mfukoni, akautazama. "Swichi nimeiangalia mwenyewe. Imezimwa."

"Najua, baba."

"Nimeshafuta mawili," akasema. "Nimeshaligeuza."

Kilichofuata nawakataza, na yeye mwenyewe angewakataza siku nyingine yoyote. Kazi sahihi ilikuwa kuchomoa nyaya za plagi na kupima kwa mita, basi. Mzee hakutaka mita kwanza. Alikwenda kuchukua kamba ya kufungia mizigo, akatengeneza kitanzi. Nilimshika mkono nikamwambia haina haja. Akasema, "Nikirudi nyumbani bila kujua sitalala tena, mayu. Acha nijue." Alikivisha kile kitanzi kwenye ncha ya panga la tatu bila kulitikisa, na muda wote huo sikuvuta pumzi. Tuliwasogeza wauguzi ndani ya jengo, tukarudi pembeni kwa urefu wote wa kamba, tukavuta pamoja.

Ta.

Injini ikapiga teke. Mara moja tu, kwa mlio mkavu. Panga lilipita mahali alipokuwa ameinama na jicho langu halikuliona likipita. Nililiona kabla na nikaliona baada. Kamba ilinichomoka mikononi ikanichubua viganja. Kisha ndege ikatulia, nyeupe, nzuri, imezimwa, na ufunguo wake uko mfukoni mwa Mzee Malimi.

Alikwenda kukaa kwenye sanduku la vifaa. Nikamfuata, akaninyooshea mikono yake, ile iliyokuwa inaunga nyaya nyembamba kuliko uzi wa cherehani, ilikuwa inacheza peke yake. "Tazama," akaniambia, kana kwamba ananionyesha mali ya mtu mwingine. Nikaogopa zaidi kuliko nilivyoogopa nikiwa magotini, kwa sababu wakati ule nilikuwa na la kufanya.

Basi nikafanya kazi. Nilichomoa nyaya za plagi zote ili cheche ikiruka isipate pa kuwasha, nikafungua kifuniko cha injini, nikaushika waya wa ethi wa kulia, nikaukunja kidogo kidogo kwa vidole. Karibu na kichwa chake, pale unapobanwa na kishikizo, ulilegea kama sikio la mbuzi. Mpira wa nje ulikuwa mzima kabisa. Ndani nyuzi zote zilikuwa zimekatwa na mtetemeko. Nikaweka waya mpya, nikaukaza kichwa chake, nikaongeza kishikizo cha pili ili usicheze. Nikapima kwa mita nikiwa nauvuta na kuutikisa, kisha nikarudisha nyaya za plagi. Kapteni alipowasha na kupima alitoa kichwa dirishani akasema, "Umeshuka, Mama." Akairudisha, akazima ya pili. "Na huku umeshuka." Sauti yake ilikuwa karibu na kilio. Akazima injini, nikaupima tena waya.

Panga la tatu lilikuwa bado na wadudu wake, na walishaanza kukauka. Huwezi kuwapeleka watu ziwani na panga moja chafu kati ya mawili safi. Mzee akainuka, akachovya kitambaa, akakikamua, akaenda mpaka kwenye pangaboi, akainua mkono. Mkono ukabaki hewani. Nilimwona akijaribu kuushusha, kama mtu anayeogopa kugusa maji asiyoyajua yana moto kiasi gani, na haukushuka. Akarudi nyuma. Akazunguka mbele, akaja nilipokuwa nimesimama.

"Mayu," akasema, akininyooshea kitambaa, "nifutie lile."

Mtaniambia nilikuwa na sababu gani ya kuogopa. Waya niliuweka kwa mikono yangu. Mita ilisema ndiyo, mshale ulisema ndiyo, ufunguo Kapteni alikuwa amenikabidhi, uko mfukoni mwangu, nilikuwa naugusa. Mambo yote yalikuwa mazuri, na nimeshawaambia ninavyoyaona mambo yakiwa mazuri. Miguu ilinifikisha. Nikaweka kiganja kilichochubuka juu ya panga, lilikuwa la baridi na lina umande, nikalivuta chini. Springi ikasema ta. Nikafunga macho.

Hakukuwa na kitu. Nikayafumbua, nikaanza kufuta, kuanzia ncha kwenda katikati kama alivyonifundisha, nikakwangua waliogoma kwa kucha. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na mkono wa kuyafutia. Yeye alisimama mbele yangu muda wote, mbali kidogo, mahali ninapomwona, hakuondoka.

Nilipomaliza nikampelekea kitambaa. Mzee wangu akakipokea kwa mikono miwili.